Dawa ya thairoidi si dawa ya kukonda, wacha niwaambie

Wiki iliyopita msichana mmoja aliniandikia inboksi. Salamu ilikuwa fupi, swali fupi zaidi. Mamake alifanyiwa upasuaji wa goita miaka kadhaa iliyopita, tezi ikatolewa yote, na sasa anameza tembe za thairoidi kila asubuhi. Harusi ya huyu msichana ni baada ya wiki saba. Gauni lilishonwa mwaka jana na sasa zipu haifungi. Ameskia hizi tembe huchoma mafuta. "Dada, si wewe pia unazitumia? Nikunywe ngapi kwa siku ndio nisikosee?"

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Kuna watu wangecheka. Mimi sikucheka, manake jibu la swali lake nalijua kwa mwili wangu. Nilikunywa mbili kwa siku badala ya moja. Wiki sita. Na sijawahi kulisema hapa, hata kwenye ile video ya mwaka jana ambapo nilijifanya mtaalamu wa thairoidi mkanipigia makofi.

Kwa hivyo leo mniruhusu niandike. Kwa kamera mimi hujipamba sana, na hii stori haitaki mapambo.

Kwa wale wapya: nina thairoidi iliyolala. Hilo si jina la hospitali, ni la mtaani, lakini linaeleza. Thairoidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo, ina umbo kama la kipepeo, na homoni inayotoa ndiyo hupanga mwendo wa mwili mzima: moyo, tumbo, joto, ngozi, nywele, mpaka akili. Yangu inashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Ugonjwa wenyewe unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka wa 1912. Jina tamu kama la mchezaji mpira. Ugonjwa ndio hauna utamu.

Ilianza 2021 bila mimi kujua. Januari, Nairobi, jua la saa nane linachoma mabati, mimi nimevaa sweta. Nilikuwa nalala kwa matatu hadi napitishwa steji. Tumbo lilifunga, naenda haja mara mbili kwa wiki. Msusi wangu akaniambia nywele zimekataa kushikilia kichwa. Hedhi ikawa ya kunitisha. Na uzito, ndio huo sasa: kutoka kilo 66 hadi 81 kwa miaka miwili.

Nikienda nyumbani kijijini, shangazi yangu ananifinya mkono na kupiga vigelegele. "Umenona! Nairobi imekukubali!" Binamu ananikopa pesa hapo hapo, kwa sababu mtu hawezi kunenepa hivyo kama hana kitu. Nikirudi mjini nikiweka video, mtu ambaye sijawahi kumwona ananiita tangi la maji. Huku mtandaoni nilikuwa mlafi, kule nyumbani nilikuwa tajiri. Hakuna mahali nilikuwa mgonjwa.

Mwaka wa 2023 ndipo daktari mmoja alinigusa shingo, akaniuliza maswali matano, akanituma maabara. Kipimo wanachoangalia kwanza ni TSH. Hiyo si homoni ya thairoidi yenyewe, ni ile ambayo tezi iliyo chini ya ubongo hutuma kuiamsha. Thairoidi ikizembea, TSH inapanda. Ni kama mamangu akiniita niamke: mara ya kwanza kwa upole, mara ya tano majirani wote wanajua jina langu. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kawaida. Yangu ilikuwa 38.

Mtashangaa, lakini nilifurahi. Daktari alieleza vizuri tu, akaniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo. Kumbe kitu pekee nilichokuwa nimeshika ni kwamba kosa si langu. Nikatoka pale na tembe za levothairoksini za mikrogramu 75 na hesabu yangu kichwani: thairoidi ndiyo ilileta kilo 15, kwa hivyo dawa itazirudisha zilikotoka.

Baada ya miezi mitatu TSH ilikuwa 2.1. Baridi iliisha. Tumbo lilifunguka. Niliweza kutazama filamu moja hadi mwisho. Mizani ikasema 78. Nikangoja miezi mitatu mingine. 78. Nikapima asubuhi, nikapima kabla ya kuoga, nikahamisha mizani kutoka kwa kapeti hadi kwa saruji. 78.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokuwa na kosa, na ni kosa ninaloliona kwa karibu kila mtu anayeniandikia. Ni kweli homoni ikipungua mwili huchoma nishati kidogo. Lakini sehemu kubwa ya uzito ambao ugonjwa wenyewe huleta ni chumvi na maji ambayo mwili umeyashikilia. Ule uso wa kuvimba asubuhi, ile pete inayokataa kutoka kidoleni. Chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani huwaeleza wagonjwa kwamba ugonjwa wenyewe unaweza kuchangia pauni 5 hadi 10, tuseme kilo 2 hadi 5 hivi, kulingana na ulivyokuwa mkali. Dawa ikishika, hayo ndiyo huondoka kwa urahisi. Zile kilo zangu tatu za kwanza, basi, ndizo nadhani zilikuwa za thairoidi. Zilikuwa zimeenda. Dawa ilikuwa imemaliza kazi yake, na mimi bado nilikuwa nimeisimamia getini nikidai chenji.

"Na hizo 12 zingine?" nilimuuliza daktari. Ni mzee mpole, huandika polepole.

"Hizo, binti yangu, ni zako."

Nilimchukia wiki nzima.

Siku hizi nakubaliana naye nusu. Ni zangu, sawa. Lakini zilikujaje? Kabla sijaugua nilikuwa natembea kutoka steji hadi kwangu, dakika ishirini na tano. Nilipoanza kuchoka nikaanza kuchukua boda. Video zangu za kwanza nilikuwa nacheza dansi. Kama mna kumbukumbu, polepole zikawa video za kuketi. Usiku nilikuwa nahariri huku macho yanafungika, na njia pekee ya kuyafungua ilikuwa chai ya sukari vijiko vinne na mandazi ya yule mama wa chini ya ghorofa, Mungu ambariki, manake anayajua mandazi. Ugonjwa haukunitia mandazi mdomoni. Ulinitoa tu nguvu ya kufanya kitu kingine chochote, na mandazi yalikuwa karibu.

Kwa hivyo mtu akiniambia ni thairoidi, na mwingine akiniambia ni chapati, kila mmoja amebeba kipande. Kinachoniudhi ni kila mmoja kutaka kipande chake kiitwe sahani nzima.

Na kuna jambo daktari alilisema ambalo nililikataa wakati huo. TSH ikisharudi kawaida, na dawa ikiwa inameza vizuri, uwezo wangu wa kupunguza uzito ni sawa na wa mtu asiye na shida ya thairoidi. Nilisikia hapo matusi. Sasa nasikia kitu kingine: ni sawa na wa mtu wa kawaida, na kwa mtu wa kawaida ni kazi ngumu sana! Hao wa kawaida wamejaa kwa jimu kila Januari na Machi hawaonekani. Mimi nilikuwa nataka msamaha wa karo kwa sababu nilikuwa nimeugua.

Nilijaribu njia ya haraka kwanza. Mlo mmoja kwa siku, mboga na hewa. Nilipungua kilo mbili, nikawa na hasira kwa watoto wa watu, zikarudi. Baadaye nilijifunza kwamba mtu akijinyima chakula vikali, mwili hupunguza wenyewe ile homoni ya thairoidi inayofanya kazi, T3, ili kubana matumizi. Yaani nilikuwa nameza tembe asubuhi kuongeza mwendo, halafu najinyima kuanzia mchana hadi usiku kuupunguza.

Sasa tufike kwa zile wiki sita.

Kulikuwa na kazi ya kutangaza nguo ambayo iliahirishwa "mpaka utakapokuwa tayari", na kila mtu kwa hicho chumba alijua tayari ni nini. Usiku huo nilikaa kitandani na pakiti ya dawa. Mawazo yangu yalikuwa ya kitoto lakini yalionekana ya akili: kama tembe moja imeniamsha, mbili zitanikimbiza. Nikaenda kemisti, si ile ya kawaida, nikanunua pakiti ya ziada. Hakuna aliyeuliza karatasi ya daktari. Sitawataja, na sitajifanya ni wao walioniingizia dawa mdomoni.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Hii dawa iko hivyo, nusu yake hukaa mwilini kama wiki moja kabla haijatoka, kwa hivyo hujipanga polepole, siku juu ya siku. Wiki ya pili nikaskia kama nimezaliwa upya. Nilisafisha nyumba saa kumi alfajiri. Nilihariri video tatu kwa kikao kimoja. Wiki ya nne mizani ilikuwa 75, na nikaanza kuandika kichwani ile video ya "nilivyokonda".

Ila kulikuwa na vitu vidogo. Picha zilikuwa zinatikisika, nikadhani kamera imeharibika. Nilikuwa natoa jasho nikiwa nimekaa. Kupanda hadi orofa ya nne nilikuwa nasimama kwa kila kona, na mapaja yanauma kama niliyepigwa. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto naskia moyo kwa mto, du-du-du, du, du-du. Ile "du" ya katikati iliyokuwa inachelewa ndiyo ilikuwa inanitisha. Nikawa nalalia ubavu wa kulia.

Wiki ya sita nikaenda nyumbani. Tulikuwa tumeketi nje na Mama tukichambua maharagwe kwa ungo, na yangu yalikuwa yanalia. Kwa kweli, yanalia, kama njuga. Mama alitazama mikono yangu.

"Wewe msichana, mbona unatetemeka kama mtu ameiba?"

"Ni baridi, Mama."

Hakujibu. Akaweka ungo chini, akanishika kifundo cha mkono kama anayenisalimia, akanyamaza. Mama si muuguzi, lakini ana presha, na mtu mwenye presha hujifunza. Akaingia nyumbani akarudi na mashine yake. Mapigo 124 kwa dakika, na mimi nimekaa tu chini ya mti wa parachichi nachambua maharagwe.

Nilimwambia yote. Nilitarajia kelele. Akauliza kitu kimoja: "Ulitaka kuwa mwembamba wa nini, wa jeneza?" Kisha akarudi kwa maharagwe, na mimi nikamaliza fungu langu nikilia kimyakimya, yeye akijifanya haoni.

Kesho yake tulikuwa hospitali. Walinipima moyo kwa zile nyaya, wakanipima damu, TSH ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Yule mzee wangu mpole hakuwa mpole. Aliniuliza kama najua moyo ni nini. Nikasema ni moyo. Akasema moyo ni msuli, na homoni ikizidi mwili haukai kuchagua kwamba huu ni mkono wa kushoto wenye mafuta, hebu tuanze hapa. Unakula misuli pia. Ndiyo maana mapaja yangu yalikuwa yameisha nguvu kwa ngazi. Akanieleza kwamba homoni ikizidi kwa muda mrefu, moyo unaweza kuanza kupiga ovyo bila mpangilio, na mpigo wa namna hiyo huweza kutengeneza donge la damu ambalo likifika ubongoni ni kiharusi. Mifupa nayo hupoteza uzito wake, na hilo huumiza zaidi wanawake waliokoma hedhi. Mimi niliponea hapo kwa sababu mamangu ana macho.

Dozi ikashushwa, na kwa sababu dawa hutoka polepole, kutetemeka kuliendelea wiki kadhaa. Mizani? Nilikuwa nimefika 74. Baada ya miezi miwili nilikuwa 79. Kilo moja juu ya pale nilipoanzia ujanja wangu.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba huu ujinga si mpya. Mwaka wa 1891 daktari Mwingereza anayeitwa George Murray alianza kumdunga mama mmoja dawa aliyotengeneza kutoka kwa thairoidi ya kondoo. Huyo mama alikuwa amevimba na kupooza mwendo kwa kukosa homoni, na kwa matibabu hayo akaishi miaka mingine 28. Hebu fikirieni, kabla ya hapo ugonjwa huu haukuwa na dawa. Haikuchukua hata miaka kumi watu wakaanza kumeza thairoidi ya wanyama ili wakonde. Marekani, miaka ya 1960, kulikuwa na vidonge vya rangi rangi, vinaitwa vya upinde wa mvua, ambavyo kliniki za kukondesha ziligawa kama peremende: thairoidi, amfetamini, dawa za kukojoza, zote kwa mfuko mmoja. Watu walikufa. Mwaka wa 1968 kikawa kisirani kitaifa na serikali yao ikaanza kuvinyakua. Leo hii karatasi rasmi ya levothairoksini huko Marekani ina onyo ndani ya kisanduku, pale juu kabisa, kwamba dawa hizi zisitumiwe kutibu unene wala kupunguza uzito, na kwamba dozi kubwa inaweza kuhatarisha maisha. Pakiti yangu ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Niliitumia kufunika kikombe nzi wasiingie.

Sasa kuna upande mwingine ambao naona hauongelewi kabisa, na ungenisaidia mapema. Kabla mtu hajaanza kulilia dozi kubwa, aulize kama hii anayokunywa inafika kweli. Mimi mwanzoni nilikuwa nameza tembe na chai. Chai ya Kenya, maziwa nusu sufuria, si ndio chai? Kumbe maziwa huzuia dawa isiingie mwilini vizuri, na kahawa pia. Inatakiwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, halafu ungoje nusu saa hadi saa nzima ndipo ule. Tembe za kuongeza damu, zile zenye madini ya chuma ambazo wengi wetu tunapewa kwa ajili ya hedhi nzito, na zile za kalsiamu, zikae mbali kwa saa nne. Ile biotini mnayonunua kwa ajili ya nywele inaweza kudanganya mashine ya maabara, kwa hivyo mwambieni daktari kabla ya kupimwa. Na dozi ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. Ukipima baada ya siku kumi, unapima kelele. Hata pahali pa kuweka: yangu ilikuwa juu ya friji, karibu na jiko, inapikwa pamoja na ugali.

Mtu akizingatia hayo na bado anaskia baridi, bado analala kwa matatu, hapo ana haki ya kurudi na kusumbua. Na naomba madaktari wetu, hasa wale wa foleni ndefu, wasiishie kwa "punguza chapati". Mimi nimeambiwa hivyo na mtu ambaye hakuwa ameinua kichwa kunitazama. Nilitoka pale nikanunua chapati mbili kwa hasira.

Kuna kambi mbili ambazo zitakasirika nami, acha zikasirike. Ya kwanza ni ya makocha wa nidhamu. Nyinyi mnaosema hakuna kitu kama thairoidi, ni visingizio: mnajua ni wangapi wanaowatazama wamekaa na TSH ya 38 wakijitukana kila asubuhi kwa kutumia sauti zenu? Mtu wa namna hiyo hahitaji kelele zenu, anahitaji kipimo cha damu. Mimi kwa hizo hali nilijiandikisha jimu mara mbili na mara mbili nililala kwa chumba cha kubadilishia nguo.

Ya pili ni ya asili. Mwaka jana niliahidiwa pesa nzuri, kodi ya miezi minne, nitangaze unga wa mwani wa baharini "wa kufufua thairoidi". Mwani una aidini nyingi. Ndiyo, thairoidi hutumia aidini, na kule kwenye milima yetu ukosefu wake ndio uliowapa wazee wengi zile shingo tulizokuwa tunaona utotoni. Lakini chumvi ya Kenya kisheria lazima itiwe aidini tayari. Na kwa mtu wa Hashimoto kama mimi, aidini ya kupita kiasi inaweza kuizidisha hali badala ya kuiponya. Nilikataa hiyo kazi. Sitaki makofi, nilikataa siku ya tatu, baada ya siku mbili za kupiga hesabu ya kodi.

Na ile video yangu ya mwaka jana nimeiondoa. Nilisema ndani yake "si mimi, ni thairoidi" mara tisa, nimehesabu. Mlinitumia ujumbe wa upendo mwingi. Wengine walianza kusema hivyo hivyo, na najua wawili ambao hawajawahi hata kupimwa. Hilo ni langu na nalibeba.

Leo niko 75. Imechukua mwaka mmoja na miezi miwili kutoka 79. Hakuna video ya kabla na baada kwa hizo namba, mtu akiweka picha mbili pamoja mtadhani ni mwanga tu. Narudi kwa miguu kutoka steji, isipokuwa ikinyesha, au nikiwa na mizigo, au nikiwa tu sitaki. Nainua mitungi ya maji ya lita kumi, mmoja kila mkono, kwa balkoni, jirani wangu akidhani maji yamepotea tena. Ndengu, mayai, omena nikizipata zisizo na mchanga. Mandazi Jumamosi, na yule mama akinikosa Jumamosi anauliza kama niko mzima. Kuna miezi mitatu hapo katikati mizani haikusogea hata nukta, na sikuongeza tembe. Nilifikiria, lakini. Nawaambia ukweli, nilifikiria.

Shangazi aliniona Krismasi. Akanifinya mkono. "Umekonda, una shida gani huko?" Binamu hakunikopa.

Basi, yule msichana wa harusi nilimjibu. Nilimwandikia hii stori yote kwa ufupi, wiki sita, 124, maharagwe. Nikamwambia pia kitu ambacho sidhani alikuwa amekifikiria: mamake hana tezi kabisa. Mimi yangu bado inajikokota kidogo. Ya mamake iko kwa ndoo ya hospitali. Kila tembe atakayoichukua kwa ile pakiti ni siku moja ambayo mwili wa mamake hautapata homoni mahali pengine popote, na mama huyo ndiye atakayetembea naye kanisani.

Alisoma. Zile alama mbili zikawa za buluu. Siku mbili kimya.

Kisha akaandika: "Sawa dada. Lakini zipu?"

Nikamwambia apeleke gauni kwa fundi, mgongo ufunguliwe, watie kamba za kufungia zinazopishana badala ya zipu. Huo ni ushonaji wa kawaida kabisa, na ukitaka siku utaiambia kila mtu ndio mtindo. Alinitumia emoji ya kucheka na machozi. Halafu akauliza kama namjua fundi mzuri pale Kenyatta Market.